Kiu ya Meneja

Nyumbani kwetu, kwa karibu mwaka mzima, paka ndiye aliyekuwa mkalimani. Sisemi kwamba alikuwa na akili nyingi. Nasema kwamba mke wangu na dada yangu hawakuwa wakisemeshana, na kila walichotaka kuambiana walimwambia paka.

"Meneja," mke wangu alikuwa akisema, amesimama jikoni na mgongo ameuelekeza chumba cha kushonea, "mwambie mwenye cherehani gesi imekwisha."

Dada yuko palepale, ukuta mmoja tu kati yao, na anasikia kila neno. Lakini ataendelea kukanyaga cherehani yake mpaka paka ajinyooshe, apite mlangoni na kujilaza miguuni pake. Hapo ndipo ujumbe ulihesabiwa kuwa umefika.

"Meneja, mwambie mwalimu nimesikia. Nitaagiza."

Na paka akikataa kuondoka jikoni, basi gesi haikuagizwa. Kuna siku tulikula chakula baridi asubuhi hadi jioni kwa sababu Meneja alikuwa amelala.

Nieleze tulivyo. Mimi ni kinyozi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hiihii, mlango wake unafungukia barabarani. Nyuma ya saluni ni chumba ambamo dada yangu mkubwa anashona mapazia na sare za shule, kisha jikoni, kisha bafu, na vyumba viwili vya kulala vinavyotazamana. Mke wangu anafundisha shule ya msingi. Binti yetu ameolewa mbali. Nyumba ni ya mama, alituachia mimi na dada. Alipofariki mimi nilikuwa sijaota hata ndevu moja, na ni dada aliyenilea, akanisomesha, akaninunulia mashine ya kwanza ya kunyolea, kisha akanitafutia mke. Ndiyo, ni yeye aliyemchagua huyu. Kwa hiyo hata wa kumlaumu sikuwa naye.

Paka walimwokota wote wawili enzi za amani, kwenye mfereji nyuma ya shule anakofundisha mke wangu. Jina la Meneja alilipata kwa tabia zake: alichukua kiti kizuri kuliko vyote, akakaa kutazama wengine wakifanya kazi, na jioni akawa wa kwanza kudai chakula.

Chanzo cha ugomvi ni meza. Mama alikuwa mshonaji, na pembeni mwa meza yake ya kukatia nguo alikuwa amechonga alama kwa kisu, ndogondogo, moja baada ya nyingine, ili apime kitambaa bila kutafuta utepe. Dada alijifunza kazi kwenye alama zile. Siku dada alipokwenda kumtembelea binti yetu, mke wangu aliitazama meza, akaona imechakaa, akanunua rangi ya kijani na kuipaka tabaka mbili. Alidhani anamfurahisha wifi yake. Alama zikazibika zote.

Dada aliporudi alipitisha kidole pembeni mwa meza, akarudia tena, kisha akasema, "Umeipaka kama mlango wa choo."

Mke wangu alikuwa ameisugua meza ile kwa msasa hadi vidole vikachubuka. Akawaka. "Nimechoka kukaa humu kama mgeni! Nikisogeza kijiko naulizwa. Hapa ni kwangu na mume wangu. Wewe kwako ni wapi?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Wote wawili walinigeukia, nami nikanywa chai.

Wanasema wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, lakini nyasi angalau hakuna anayezitazama zitoe hukumu.

Jioni ile dada alinifuata saluni nikifagia nywele. "Mimi nabaki hapa kwa ajili ya huyu paka," aliniambia. "Vyumba vya kupanga havitaki wanyama, na yeye hawezi kuzoea kwingine. Lakini siku Meneja akifumba macho, nafungasha." Hakupandisha sauti wala hakulia. Dada yangu akisema jambo kwa sauti ile, ujue atalifanya. Tangu hapo uhai wa yule paka ukawa kwangu ndio uzi pekee uliomfunga dada yangu kwenye nyumba ya mama yetu.

Ungeniuliza kama nilimchunga basi, ningekujibu kama wahenga: kinyozi hajinyoi.

Kwa maana dalili zilikuwepo. Tatizo ni kwamba kila iliyotokea ilikuwa imeshatafutiwa mkosaji kabla haijakaa vizuri.

Yalianza maji. Mke wangu alimwekea Meneja bakuli mlangoni pa jikoni kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Akirudi, bakuli kavu. Akaamini kwamba dada hajali, paka anashinda na kiu mchana kutwa wakati mtu mzima yupo nyumbani. Dada naye aliweka bakuli lake chini ya cherehani. Likawa linakauka. Akaamini kwamba mwalimu hulimwaga kwa siri, paka asije akalowesha sakafu yake ya thamani.

"Meneja, mwambie mwalimu hata wafungwa hupewa maji."

"Meneja, mwambie mwenye cherehani ajiulize yeye kwanza."

Ukaja mchanga. Sanduku lake la kujisaidia liko bafuni, na kulisafisha ni zamu, asubuhi mke wangu, jioni dada. Mchanga ukaanza kulowa kupita kawaida, madonge makubwa kama ngumi. Hapo ndipo niliposikia mambo. Mke wangu aliniapia kwamba dada humwaga maji ya kufulia sandukuni makusudi, ili uchafu aukute yeye akiwa ameshavaa nguo za kazini. Dada aliniapia kwamba mwalimu humalizia humo ndoo ya kupigia deki. Watu wazima wawili, wenye akili zao, kila mmoja anaamini mwenzake anaamka asubuhi na kupanga namna ya kulowesha choo cha paka.

Mwisho ikaja njaa. Meneja alikuwa akidai chakula saa zote, analia mbele ya jokofu, anasugua miguu ya kila apitaye. Kila mmoja alimlisha kwa huruma na kwa ushindi, akijua fika kwamba mwenzake anamnyima. "Maskini wangu, umekondeshwa," walimwambia, kila mmoja kwa zamu yake, na mgongo wake kweli ulikuwa umeanza kuhesabika mifupa. Anakula sahani mbili, anakonda. Hakuna aliyejua ni sahani mbili.

Nami je? Riziki yangu ni nywele. Mteja akiketi kitini, kabla hajafungua mdomo, kichwa chake kimeshanisimulia: huyu katoka kuumwa, huyu kafiwa, huyu halali vizuri. Nywele za mgonjwa hazing'ai hata ukizimwagia chupa nzima ya mafuta. Meneja alikuwa akilala kwenye kiti changu cha akiba, na niliona jinsi manyoya ya kiunoni yalivyosimama, yameshikana, yana unga mweupe. Paka mzima hujilamba hadi akang'aa. Huyu alikuwa ameacha. Nikajiambia ni uzee, nikachukua brashi nikamchana, nikaendelea na kazi. Akisimama kwenye ndoo yangu ya maji safi na kunywa kama ng'ombe, wateja walicheka, nami nilicheka nao.

Kilichonizindua ni kuruka. Asubuhi hiyo nilikuwa namnyoa fundi baiskeli wa jirani. Meneja alisimama mbele ya kile kiti cha akiba, akajikunja, akatikisa makalio kama kawaida yake, akaruka, na akakigonga kiti kwa kifua. Akaanguka. Akakaa pale akitazama pembeni, kama mtu aliyejikwaa mbele za watu na anataka waamini alikusudia. Kisha akaondoka, na nikauona mwendo wake. Miguu ya nyuma hakukanyagia vidole kama paka. Alikanyagia kisigino chote, akiburuza.

"Mzee," fundi baiskeli alisema, "paka wako anatembea kama amevaa ndala za baba yake."

Nilizima mashine. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa, nusu bado. "Nisubiri," nikamwambia, nikaingia ndani.

Ilikuwa siku ya mapumziko, mke wangu yuko jikoni na dada yuko kwenye cherehani. Nilisimama katikati ya milango yao nikasema kwa sauti, nikiwaambia wote kwa pamoja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu ile chai: "Meneja anaumwa. Ameshindwa kuruka."

Cherehani ilinyamaza. Sufuria ikawekwa chini. Walitoka wakati mmoja, wakagongana mabega kwenye ujia, na hakuna aliyesema samahani.

Daktari wa wanyama ana chumba kimoja mtaa wa pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Tulikwenda kwa miguu, mimi katikati na kapu, mke wangu kulia, dada kushoto. Njia nzima hakuna aliyenena. Wangenenaje, na mkalimani yumo kapuni, hajisikii vizuri?

Daktari alikuwa mwanamke mfupi asiye na muda wa kuchezea. Alimtoa Meneja, akambinya tumbo, akamvuta ngozi ya shingo na kuiachia, akamtembeza mezani akiitazama ile miguu.

"Maji anakunywa kiasi gani kwa siku?"

"Bakuli moja," mke wangu akasema.

"Bakuli moja," dada akasema.

"Bakuli hilohilo?"

"Mimi langu liko mlangoni pa jikoni," mke wangu alimwambia daktari.

"Mimi langu liko chini ya cherehani," dada alimwambia daktari.

Nikakohoa. "Na ndoo ya saluni."

Daktari alituangalia mmoja mmoja. "Na chakula?"

Hadithi ikawa ileile: sahani ya huyu, sahani ya yule, na vipande vya kati ya milo ambavyo kila mmoja alivitoa kwa huruma. Kisha akauliza kuhusu mkojo. "Mchanga unalowa sana?" aliuliza tena.

"Nilidhani ni..." mke wangu alianza, akakatisha. Dada aliinama akawa anatazama viatu vyake.

Daktari alimtoboa Meneja sikio kwa kisindano, akachukua tone la damu, akaliweka kwenye kifaa kidogo. Alisoma, akatikisa kichwa. "Ana sukari."

"Sukari?" mke wangu alisema. "Huyu? Hata chai hanywi!"

"Siyo sukari ya kwenye chai, mama. Mwili wake umeshindwa kukitumia chakula anachokula, ndiyo maana anakula na bado anakonda. Paka huficha ugonjwa, hawezi kukwambia kichwa kinamuuma. Lakini mambo haya hujificha kwa shida: maji mengi, mkojo mwingi, njaa isiyoisha, manyoya kuharibika. Hizo ndizo dalili za mwanzo, na mtu huziona nyumbani, mimi siwezi kuziona hapa. Mguu kulegea hivi ni hatua ya mbele." Akatutazama tena. "Nyinyi si mnakaa nyumba moja? Hamuongei?"

Ukutani palikuwa na picha ya ng'ombe, nami niliitazama kwa makini sana.

Akatuonyesha dawa ya sindano, chupa ndogo ya kukaa kwenye jokofu. Asubuhi na jioni, chakula kwanza, sindano baadaye. Akituona tumekubali kwa vichwa, aliinua kidole. "Sasa hapa nisikilizeni nyote. Mkisahau mara moja, hafi. Lakini akidungwa na huyu, halafu akadungwa na yule, sukari itashuka mno. Atatetemeka, ataanguka, na huenda asiamke. Mkiwa na shaka, msidunge. Ulizaneni kwanza. Ulizaneni kwa mdomo."

Tukarudi nyumbani. Fundi baiskeli alikuwa bado kitini, nusu kichwa, anasoma gazeti. Nilimmalizia bure na hakuuliza kitu, nyuso zetu zilimtosha.

Ningependa kusema kwamba siku ile walipatana. Hawakupatana. Aibu ikizidi watu wengine huwalainisha, wengine huwakausha, na hawa walikauka. Usiku kucha mke wangu alikuwa akilia kimya upande wake wa kitanda. "Kama angesema tu kwamba naye anamwekea maji," aliniambia. Kesho yake dada, akikata uzi kwa meno: "Kama angesema tu." Nilisikia sentensi ileile kutoka vyumba viwili, na mimi mjumbe nisiyetumwa nikanyamaza tena.

Zamu walizigawa kupitia kwangu. Mke wangu asubuhi, dada jioni. Walijifunza upesi. Mshonaji na sindano hawahitaji kutambulishana. Mke wangu siku za mwanzo alidunga akiwa amefumba macho, nikamsihi afumbue walau moja. Lakini Meneja alibaki mwembamba, kisigino bado chini, na maji bado anayanywa. Daktari alisema tuwe na subira, dawa hupimwa na kurekebishwa polepole. Dada hakuwa na subira hiyo. Nilimwona akimbeba, akimpima uzito kwa mikono, kisha akitazama dirishani. Siku moja alitoa sanduku lake juu ya kabati akalifuta vumbi. Nilisimama mlangoni.

"Dada, la nini hilo?"

"Lilikuwa na vumbi," alisema.

Jioni niliyotaka kuisimulia, dada alikuwa ametoka tangu mchana bila kuaga anakokwenda. Jua likazama hajarudi. Meneja alikaa mbele ya jokofu akilia. Mimi nilikuwa na wateja. Mke wangu alisubiri, akaenda kuchungulia barabarani, akasubiri tena, na mwisho akampa paka chakula na kumdunga yeye mwenyewe. Alifanya sawasawa kabisa. Kisha, na hapa ndipo utaona jinsi mazoea yanavyomla mtu akili, akamwambia paka. Alinisimulia baadaye kwa mdomo wake. Ndani hakuna mtu, cherehani imefunikwa, na yeye amesimama na mgongo kaugeuzia mlango. "Meneja, akirudi mwenye cherehani, mwambie umeshadungwa." Halafu akaingia kuoga.

Dada alipita saluni akihema. "Nimechelewa. Amelia sana?"

"Amelia," nikasema, maana kilio nilikisikia.

Nilimfuata ndani kuchukua taulo safi. Alikuwa ameshanawa mikono. Alimwekea Meneja chakula kidogo, na paka yule, kwa njaa aliyokuwa nayo, hakuwahi kukataa sahani ya pili. Akatoa chupa, akaiviringisha kati ya viganja kama alivyofundishwa, akavuta dawa, akapiga magoti sakafuni. Akakusanya ngozi ya ubavuni kwa vidole viwili. Nilisimama hapo na taulo zangu, natazama, na sikuona kosa lolote. Ilikuwa zamu yake.

Mlango wa bafu ulifunguka. Mke wangu akatoka amejifunga taulo, povu shingoni, akaona.

"Meneja," alisema harakaharaka, "mwambie..."

Dada hakugeuka. Ageuke kwa nini? Ujumbe haujafika mpaka paka afike, ndiyo sheria waliyojiwekea, na paka alikuwa mikononi mwake. Akaisogeza sindano.

"Wifi!" mke wangu alipiga kelele. "Wifi, acha! Nimeshamdunga! Nimeshamdunga mimi!"

Mkono wa dada ulisimama. Ncha ilikuwa imeshazama kwenye manyoya. Aliirudisha nyuma polepole, akaiweka sakafuni, akaisukuma mbali kama kitu kinachong'ata. Kisha akakaa chini kabisa, mgongo kwenye jokofu. Mke wangu naye akakaa chini palepale mlangoni, povu na yote. Meneja alimaliza sahani yake, akawatazama, akaanza kujilamba mguu.

"Umemdunga saa ngapi?" dada aliuliza. Alimuuliza yeye, machoni.

"Giza lilipoingia. Nilikusubiri sana."

"Ningemuua."

"Ningemuua mimi. Nilimwambia paka." Mke wangu alicheka kicheko kibaya, karibu na kilio. "Wifi, nilimwambia paka!"

Nikadhani imeishia hapo. Lakini mke wangu alifuta povu kwa kiganja akauliza, "Ulikuwa wapi?"

Dada aliitazama ile sindano sakafuni. "Nilikwenda kuangalia chumba."

"Cha nani?"

"Changu."

Nilijua siku hii ingekuja, na bado ilinipiga kama habari mpya.

"Kina dirisha?" mke wangu aliuliza.

"Hakina."

"Meneja hawezi kukaa chumba kisicho na dirisha."

"Sikukiangalia kwa ajili yake," dada alisema. "Niliona anakwisha. Nikasema nijiandae." Na hapo akalia. Tangu tumzike mama sikuwahi kumwona dada yangu akilia, na alilia kama mtu asiye na mazoezi, kwa sauti kubwa, mdomo wazi.

Safari hii sikuwa na kikombe cha kujifichia. "Dada," nikasema, "hapa ni kwako. Ndiyo nilipaswa kusema siku ile, na ndiyo nasema leo. Usiondoke."

"Wewe umechelewa," mke wangu aliniambia, na akaniacha hapohapo na taulo zangu. Alijivuta kwa magoti hadi mbele ya jokofu. "Lile neno nililisema mimi, mimi ndiye wa kulifuta. Nisamehe, wifi. Ukienda, mimi humu nitaongea na nani? Na huyu?" Alinionyesha kwa kidole. "Huyu hunywa chai."

Dada alifuta macho kwa upindo wa gauni. "Na meza je?"

"Na meza. Nisamehe na meza."

"Ile rangi ni mbaya."

Mke wangu alivuta pumzi ndefu. Nilimwona akipambana na nafsi yake, maana rangi ile aliipenda kwa dhati. "Ni mbaya," akasema.

Yaliyofuata si miujiza, ni kazi ya kila siku. Mabakuli yaliondolewa, likabaki moja, ili ijulikane anakunywa kiasi gani. Ndoo yangu ikapata mfuniko. Daktari aliongeza dawa kidogo, akasubiri, akaongeza tena. Mchanga ukaanza kuwa mkavu, na siku dada alipoliona donge dogo la kawaida alimwita mke wangu bafuni, wakasimama wote wawili juu ya choo cha paka wakilifurahia kama wanatazama mtoto mchanga. Manyoya yakaanza kulala. Kisigino kikainuka.

Na mimi naamka kila asubuhi kwa maneno hayohayo, kutoka jikoni hadi chumba cha kushonea.

"Wifi, nimemdunga."

"Nimesikia!"

Baada ya hapo wanaendelea na mengine, maana wana akiba ya mwaka mzima. Zamani ubaya wangu niliusikia nusunusu, kila mmoja kwa wakati wake. Sasa wanaukusanya. "Wifi, umemsikia mumeo anavyokohoa siku hizi?" "Nimemsikia. Na juzi amemaliza jagi zima la maji mezani." Nikaburutwa hospitali kupimwa sukari, mmoja kulia, mmoja kushoto, kama kapu. Sina kitu. Nilikuwa nimekula chumvi nyingi tu.

Jana jioni nilifunga saluni mapema nikaingia ndani. Mke wangu alikuwa amepiga magoti pembeni mwa meza ya mama, na msumari mkononi, anakwangua rangi ya kijani kwenye alama, moja baada ya nyingine. Dada alikuwa amemwinamia na tochi ya simu.

"Taratibu, wifi. Usichimbe, utaniongezea urefu wa mapazia ya watu. Hiyo ifuate hivyohivyo. Hiyo hapo ndiyo mama alikuwa akipimia kaptula za mumeo."

"Hii?" Mke wangu aliigusa kwa kidole. "Alikuwa mdogo hivi?"

"Alikuwa mdogo hivyo. Nami ndiye niliyekuwa nikizishona."

Hawakuniona. Meneja ndiye aliyeniona. Alikuwa amekaa juu ya meza, katikati, amepanda mwenyewe, anasimamia kazi.